Turubai la Mashua: Kivuli Kisigeuke Mtego

Swali nililoulizwa na mwanafunzi wa kidato cha pili ufuoni Mtongwe, akiwa amelowa chapachapa na meno yakimgongana kwa baridi, lingali linanisumbua hadi leo. Aliniuliza hivi: "Mwalimu, lau mashua ingepinduka, tungetokea wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia avue shati alikamue, nikajisingizia kwamba nawahesabu wenzake. Mwalimu hukwepa maswali mengi maishani mwake, lakini hilo ni mojawapo ya yale ambayo nimejuta kulikwepa, na makala haya ni jaribio langu la kulilipa deni lile.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka michache iliyopita tuliwachukua wanafunzi 18, mimi na mwalimu mwenzangu, kwa ziara ya somo la Jiografia. Tuliondoka upande wa Likoni, nia yetu ikiwa kuingia hori ya Port Reitz kuitazama mikoko, kisha kukata hadi upande wa Changamwe na kurudi kabla ya adhuhuri. Mashua tuliyoikodi ilikuwa ya mbao, yenye mashine ndogo tezini. Juu yake palisimamishwa mabomba ya chuma yaliyobeba paa la turubai, na kila upande palikuwa na pazia la turubai lililokunjwa na kufungwa juu, tayari kuteremshwa. Nakumbuka jinsi mwenzangu alivyolisifu paa lile. Jua la Mombasa halina mzaha, na wazazi wetu walikuwa wametuusia tusiwarudishe watoto wao na homa.

Tulipokuwa katikati ya maji, wingu zito lilitanda kutoka kusini, nalo halikuchelewa kutufikia. Nahodha, kijana mchangamfu na mwenye adabu, alimwamuru msaidizi wake ayateremshe mapazia ya pande zote mbili. Yakateremshwa, yakakazwa chini kwa kamba, na kila kamba ikapigwa fundo juu ya fundo. Mvua ilipiga, lakini ndani tulikuwa wakavu. Wanafunzi walishangilia kana kwamba wamo nyumbani chini ya mabati. Kisha upepo ukaongezeka. Pazia la upande wa upepo likavimba kuelekea ndani mfano wa tanga, na maji yakaanza kupenya pale lilipoungana na ukingo. Watoto waliokuwa wameketi upande ule wakainuka kuyakimbia maji, wakawaendea wenzao wa upande wa pili. Mashua ikalala. Hatukuiona bahari, maana turubai lilikuwa limetuziba macho, ila tulihisi miguu yetu ikiteleza.

Aliyetuokoa hakuwa mwenye mashua. Alikuwa mzee mmoja, baharia wa siku nyingi, aliyeomba kubebwa hadi ng'ambo. Aliketi kimya muda wote. Aliponena, alisema maneno machache tu: "Mwanangu, fungua upepo upite." Nahodha akamjibu, "Ami, watoto watalowa." Mzee hakubishana naye. Alichomoa kisu cha kuparia samaki, akakata kamba za pazia la upande wa upepo, moja baada ya nyingine, kisha akageuka akakata na za upande wa pili. Pazia likapepea mfano wa bendera, mvua ikatupiga usoni, na mashua ikainuka ikakaa sawa. Tukarudi Mtongwe tukiwa tumelowa, lakini tukiwa 20 kama tulivyoondoka.

Katika mkutano wa wazazi uliofuata nilisikia maoni ya namna mbili. Wapo waliotaka ziara zote za majini zipigwe marufuku. Wapo waliotuliza mambo kwa kusema kwamba ajali haina kinga, na kwamba tumshukuru Mungu yakaisha. Mimi naona pande zote mbili zilikosea. Shule iliyo Likoni, Kisauni au Changamwe haiwezi kuikimbia bahari. Wengi wa wanafunzi wetu huvuka maji, au wana ndugu wanaoyavuka, karibu kila siku. Na msemo wa kwamba ajali haina kinga, tukiutumia kila mara badala ya kufikiri, huwa ni pazia jingine la kutuziba macho. Ajali ile ingekuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa fundo la kamba.

Kabla sijaendelea, nataka nilitendee haki turubai. Mtu wa pwani hakuanza jana kutafuta kivuli chomboni. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Tuna neno chandalua, ambalo wengi siku hizi hulijua kwa maana ya neti ya mbu peke yake, lakini maana yake ni pana zaidi, nayo ni kitambaa kinachotandwa juu ya watu kuwafunika. Tuna shiraa, neno linalotumika kwa tanga na pia kwa kitambaa cha kivuli cha chomboni. Tuna kitali, kitambaa kizito cha kushonea matanga. Na tuna marekani, jina la nguo ya pamba iliyokuwa ikiletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani, hasa kutoka bandari ya Salem, katika karne ya 19, hususan baada ya mkataba wa 1833 kati ya nchi ile na Sultani Seyyid Said. Kabla ya vitambaa hivyo, mtepe ulisafiri kwa tanga la mkeka, na makuti yaliyomfunika mtu nyumbani yalimfunika pia chomboni. Kwa hiyo si kweli kwamba paa la mashua ni anasa ya watalii.

Tena mahitaji yenyewe ni ya kweli. Mshika usukani huketi tezini tangu asubuhi hadi jioni, na jua humpiga mara mbili, mara moja kutoka juu na mara ya pili likirudishwa na maji. Macho huumia na ngozi huungua, na mtu aliyechoshwa na joto hufanya maamuzi mabaya. Vilevile mvua ya mwaka, inayoanza takriban mwezi wa Machi au Aprili, pamoja na manyunyu ya ghafula ya kusi, humlowesha abiria akashikwa na baridi hata katika nchi yetu ya joto. Mtoto aliyelowa, akapigwa na upepo kwa saa nzima, hupoteza nguvu za mikono yake, na mikono ndiyo itakayomshikilia ikiwa jambo litatokea. Anayesema turubai litupwe baharini hajawahi kuketi mashuani mchana kutwa.

Basi kosa liko wapi? Jibu langu ni kwamba paa na ukuta ni vitu viwili, na sisi tumevichanganya. Paa hukaa juu na kuuacha upepo upite chini yake. Ukuta huuzuia upepo, na upepo ukizuiwa hudai malipo. Hapa ningependa walimu wa Fizikia waniazime ubao wao.

Kanieneo ya upepo juu ya kitu kilichosimama mbele yake hukadiriwa kwa kuzidisha nusu ya msongamano wa hewa na mraba wa kasi ya upepo. Hewa ya kwetu ina uzito wa takriban kilo 1.2 kwa kila mita moja ya ujazo. Tuchukue pazia la turubai lenye urefu wa mita 4 na kimo cha mita 1.5, yaani eneo la mita 6 za mraba. Upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao ni upepo wa kawaida wa kupendeza, utalisukuma pazia hilo kwa kani ya nyutoni 90 hivi, sawa na uzito wa kilo 9. Hakuna atakayeshtuka. Upepo ukifika mita 10 kwa sekunde, kani haizidi maradufu tu bali huwa mara nne: nyutoni 360, sawa na uzito wa takriban kilo 37. Na upepo wa dhoruba ukivuma ghafula kwa mita 20 kwa sekunde, kani hufika nyutoni 1440, sawa na uzito wa takriban kilo 147. Hao ni watu wazima wawili, wanaolivuta kwa kamba paa la mashua kuelekea upande mmoja, nao hawachoki.

Neno la kuzingatia hapo ni mraba. Mwanafunzi anayelijua neno hilo kwa ajili ya mtihani tu hajalijua bado. Nahodha wetu alikuwa ameteremsha mapazia yake mara nyingi katika upepo mdogo, na kila mara mambo yalikwenda salama. Uzoefu huo ulimdanganya, kwa sababu mwendo wa upepo ulipoongezeka maradufu, hatari iliongezeka mara nne. Isitoshe, kani hiyo haisukumi chini kwenye ubavu wa mashua, bali husukuma juu, mbali na maji, mahali ambapo ni rahisi zaidi kukipindua chombo. Ni kama mtu anayeung'oa mti mchanga: haushiki shinani, huushika juu.

Paa nalo lina deni lake. Likilegea, mvua hufanya kidimbwi juu yake. Paa la mita 10 za mraba likishika maji ya kina cha sentimita 3, hizo ni lita 300, yaani kilo 300 zilizokaa juu ya vichwa vya watu. Ni kana kwamba abiria watano wenye kilo 60 kila mmoja wamepanda juu ya turubai. Zaidi ya hayo, maji hayo hayatulii, kwani mashua ikilala, nayo hukimbilia upande uleule. Ndiyo maana fundi mzuri hulishona paa likawa na mgongo katikati, mfano wa paa la nyumba, ili maji yamwagike.

Dhara la pili ni macho. Mapazia ya siku hizi mara nyingi hutiwa madirisha ya plastiki angavu. Yakiwa mapya huonyesha vizuri, lakini jua na chumvi huyafanya yawe ya manjano, yakaingia ukungu na mikwaruzo. Nahodha anayetazama kupitia plastiki ya namna hiyo katika mlango wa Kilindini, mahali panapopita feri za Likoni na meli kubwa zinazoingia bandarini, ni sawa na dereva anayeendesha gari lenye kioo kilichopakwa chokaa. Meli kubwa haiwezi kumkwepa. Yeye ndiye anayepaswa kuiona.

Dhara la tatu halionekani wala halinuki. Mashine ya petroli hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Mashua inapokwenda mbele huku imezibwa pande zote ikaachwa wazi nyuma tu, hewa ya nyuma hurudi ndani badala ya kutoka, ikiuleta moshi wa mashine pale walipo watu. Abiria huumwa na kichwa, husinzia, na wengine hudhani ni ulevi wa bahari. Dawa yake ni ileile ya mzee wetu, kwamba upepo uachwe upite.

Lakini dhara lililomsumbua mwanafunzi wangu ni la nne, nalo ni la mahali pa kutokea. Kuhusu hili hatuna haja ya kubahatisha, kwa maana dunia imekwisha kulipa karo ya somo hili kwa roho za watu. Tarehe 1 Mei 1999, katika ziwa Hamilton, jimbo la Arkansas nchini Marekani, chombo cha kuwatembeza watalii, cha aina ile inayokwenda nchi kavu na majini, kilizama ghafula kikiwa na watu 21. Watu 13 walikufa, na baadhi yao walikutwa wamebanwa chini ya paa la kitambaa. Wachunguzi wa nchi ile walitoa mapendekezo, na mojawapo lilikuwa kwamba vyombo vya namna ile viondolewe mapaa na mapazia yake, kwa sababu huwazuia watu kutoka. Wengi hawakulitilia maanani pendekezo hilo.

Miaka 19 ikapita. Tarehe 19 Julai 2018, katika ziwa Table Rock, jimbo la Missouri, chombo cha aina ileile kilikumbwa na dhoruba kikiwa na watu 31. Kilikuwa na paa, na mapazia yake ya plastiki yalikuwa yameteremshwa kuwakinga abiria na mawimbi. Kilizama, na watu 17 wakafa, tisa kati yao wakiwa wa ukoo mmoja. Wachunguzi walipoandika ripoti yao, walirudi kwenye jambo walilokwisha kulisema: paa na mapazia. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2022 ndipo sheria ilipopitishwa kuhusu vyombo hivyo, ikiwamo kuyaondoa mapaa na mapazia hayo. Kati ya onyo la kwanza na sheria kulikuwa na zaidi ya miaka 20, na kati yake kulikuwa na makaburi 17. Hilo ni taifa tajiri, lenye wachunguzi na maabara. Sisi tunaoishi kwa methali tungepaswa kuwa wepesi zaidi, maana wahenga walikwisha kutuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa pana fumbo moja ambalo ningewaomba wanafunzi walitafakari. Sote twasisitiza, na ni haki kusisitiza, kwamba kila abiria avae jaketi la kujiokolea. Jaketi hilo humwelea mtu juu. Lakini mtu aliyevaa jaketi ndani ya chombo kilichozibwa, maji yakijaa, huinuliwa akakandamizwa kwenye paa, na hawezi kupiga mbizi ili apite chini ya pazia. Kinga mbili zilizo njema kila moja peke yake hugombana zikikutanishwa. Je, tuvue jaketi? Hasha! Jaketi libaki, ukuta ndio uondoke. Kitu kinachomwokoa mtu katika hatari mia hakiachwi kwa ajili ya kitu kinachomwondolea usumbufu wa kulowa.

Msomaji wa Mombasa hahitaji kukumbushwa jinsi maji ya karibu yanavyoua. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka hatua chache kutoka ufuoni, ikiwa imepakia watu kupita kiasi, na watu 272 wakapoteza maisha. Turubai halikuhusika na msiba ule. Nautaja kwa sababu ulitufundisha jambo moja linaloihusu kila mashua, kubwa na ndogo: kuwa karibu na nchi kavu si kuwa salama. Waliokufa waliweza kuwaona watu waliosimama ufuoni.

Baada ya kisa chetu nilianza kuyatazama maturubai kila nilikokwenda. Niliyatazama katika mashua za sakafu ya kioo zinazowapeleka wageni kuona matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Niliyatazama Tudor na Mtwapa. Huko Mtwapa, kwenye hori inayotenga Kisauni na Kilifi, hutia nanga jahazi ndogo za wageni wanaosafiri baharini miezi na miaka, mume na mke peke yao pengine, wakisubiri kaskazi au kusi iwachukue. Katika nyingi ya jahazi hizo, kishimo cha tezini anapokaa mshika usukani kimejengewa chumba kizima cha turubai, chenye paa, kuta, madirisha na milango ya zipu. Nilibahatika kuzungumza na mmoja wa mabaharia hao, aliyekishona chumba chake kwa mikono yake mwenyewe.

Nilimwuliza iwapo haogopi kufungiwa ndani. Alinionyesha jinsi anavyokitumia. Akiwa ametia nanga, kuta zote huteremshwa; huo ndio ukumbi wake wa kulia chakula na kujisomea mvua ikinyesha. Kabla ya kung'oa nanga, kuta za pembeni na za nyuma hukunjwa na kuwekwa chini. Kinachobaki safarini ni kipande cha mbele, cha kumkinga uso na rasharasha za mawimbi, na paa dogo la kivuli, ambalo nalo hulishusha upepo ukizidi. Mifupa yake ni mabomba ya chuma kisichoshika kutu, yaliyofungwa kwa bawaba ili yaweze kulala. Zipu zake ni za meno ya plastiki, kwa kuwa za madini huliwa na chumvi zikakwama. Na kila kamba ina fundo la kitanzi, linalofunguka kwa mvuto mmoja. Kisha akanipa kanuni aliyoifuata aliposhona, nayo ni kwamba asichoweza kukifungua kwa mkono mmoja, gizani, hakifungi.

Nilirudi Likoni nikiitafakari kanuni hiyo, na nikagundua kwamba haigharimu chochote. Nahodha wetu hakukosa turubai zuri, wala hakukosa kamba. Alikosa fundo. Yeyote aliyekulia ufuoni anajua kupiga fundo la kitanzi, naye pasi na shaka alilijua. Alipiga fundo gumu kwa sababu alimwogopa abiria atakayelowa kuliko alivyoiogopa bahari. Nami simlaumu peke yake, kwani abiria yule nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyefurahi tulipokuwa wakavu. Mimi ndiye niliyeichagua mashua ile kwa ajili ya mapazia yake, nikaiacha nyingine iliyokuwa na paa tupu.

Nimewahi kulijadili jambo hili na manahodha wa upande wa Kisauni, nao wana hoja isiyopuuzika. Wanasema: "Mwalimu, wewe wataka tukunje mapazia, lakini mteja akilowa leo, kesho atapanda chombo cha jirani." Ni kweli. Ushindani huwasukuma kuiziba mashua ili wampendeze anayelipa. Ndiyo maana naona suluhisho haliwezi kuachiwa nahodha mmoja mmoja. Laiti wangekubaliana wote katika kila ufuo, mteja asingekuwa na pa kukimbilia. Na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2004 na iliyokabidhiwa usalama wa vyombo, ingelitia turubai katika ukaguzi wake: jaketi zihesabiwe, na mapazia nayo yafunguliwe mbele ya mkaguzi, saa ikiwa mkononi. Pazia lisilofunguka katika sekunde chache lisiruhusiwe kuteremshwa chombo kikiwa safarini.

Kwa upande wetu walimu, tusisubiri amri. Mwalimu anayekodi mashua ana haki ya kuuliza, na wajibu pia. Aulize kama mapazia yatakunjwa muda wote wa safari. Azijaribu kamba mwenyewe, kwa mkono mmoja. Awaketishe wanafunzi kwa usawa pande zote mbili, na awaambie kabla ya kuondoka kwamba mvua ikinyesha hakuna atakayehama upande wake. Atazame kama mshika usukani anaona mbele bila ya kupitia plastiki yenye ukungu. Na akiliona wingu zito, arudi, hata kama mikoko haijaonekana. Mikoko ya Port Reitz itakuwapo wiki ijayo.

Aidha, somo lenyewe laweza kufanyika darasani kabla ya kwenda ufuoni. Beseni la maji, kijimashua cha kibao na kipande cha karatasi ngumu vyatosha. Mwanafunzi akipulize kijimashua kikiwa na paa tupu juu ya vijiti, kisha akipulize tena kikiwa kimewekewa ukuta wa karatasi ubavuni. Ataona kwa macho yake kile kilichotupata sisi majini. Mwalimu wa Fizikia atalipata somo la kanieneo, yule wa Jiografia atalipata somo la pepo za msimu, na yule wa Kiswahili ataweza kuyafufua maneno yanayozama: tezi na omo, ngama na foromali, chandalua na shiraa. Lugha ya bahari ikisahauliwa na watoto wa ufuoni, na maarifa yaliyomo ndani yake husahaulika. Mzee wetu hakuwa na hesabu za nyutoni, lakini alikuwa na sentensi moja aliyoirithi, ikatosha.

Sasa namrudia mwanafunzi wangu, ambaye bila shaka amekwisha kuwa mtu mzima. Uliniuliza tungetokea wapi. Jibu la kweli, ambalo sikuwa na ujasiri wa kukupa siku ile, ni kwamba hatukuwa na pa kutokea. Milango ilikuwapo pande zote za mashua, mimi mwalimu wako nikaitazama ikifungwa, nikafurahi. Ukimpeleka mwanao majini siku moja, mwache alowe. Nguo hukauka.